Majibu kwa Waraka wa Kisukari

Waraka wenyewe mmeusoma, au mmesomewa. Una kurasa mbili, muhuri wa bluu na hoja saba. Ulibandikwa asubuhi kwenye ubao wa matangazo pale tunaposaini mahudhurio, na kabla ya adhuhuri ulikuwa umeshapigwa picha na kuingia kwenye makundi ya WhatsApp ya zamu zote tatu. Unahusu wafanyakazi waliogundulika karibuni kuwa na kisukari. Mimi ni mmoja wao: karani wa ghala, miaka 46, sukari 17.4 siku niliyopimwa, miezi minane iliyopita. Kwa hiyo nina maslahi katika shauri hili, na nayataja mapema asije mtu akayafukua baadaye kama siri. Waraka nimeusoma mara nne, ya nne nikiwa na kalamu nyekundu. Ninachowaomba ninyi mnaosikiliza pande zote ni kupima kila dai kwa uzito wake, halafu kuyaweka madai yote chumba kimoja mwone kama yatalala bila kugombana.

Naanza na hoja ya pili, maana ndiyo nguzo na nyingine zimeiegemea. Inasema mwenye kisukari anaweza kuanguka ghafla, kwa hiyo ni hatari karibu na foklifti, ngazi na mkanda wa kupakia magunia. Aondolewe huko, na asipangwe zamu ya usiku. Nakiri kwamba ndani yake mna ukweli. Sukari ikishuka chini ya 4, mtu hutetemeka, hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, maneno humpotea. Ikiachwa iendelee kushuka, fahamu nazo huenda. Mtu wa hali hiyo hapaswi kukaa kwenye kiti cha foklifti hata dakika moja. Mpaka hapo mwandishi wa waraka na mimi tunatembea pamoja.

Tunaachana kwenye neno “mwenye kisukari”. Ugonjwa huu kazi yake ni kupandisha sukari. Kinachoishusha kupita kiasi ni baadhi ya dawa, hasa zikikutana na tumbo tupu au kazi ya nguvu. Insulini inaweza. Glibenclamide, kidonge kidogo ambacho wengi wetu tunakijua, kinaweza. Metformin ikitumika peke yake ni nadra sana kufanya hivyo, kwa kuwa hailazimishi kongosho kumwaga insulini. Inapunguza sukari inayotengenezwa na ini na kuusaidia mwili kuitumia insulini uliyo nayo. Sasa jiulizeni: mgonjwa mpya wa kisukari cha aina ya pili kwa kawaida huanzishiwa dawa gani? Metformin. Maana yake kundi ambalo waraka umeliogopa kuliko yote ndilo ambalo wengi wao wanameza dawa ambayo ni nadra sana kuleta hatari inayotajwa. Mwandishi hakuuliza mtu anatumia dawa gani. Aliuliza jina la ugonjwa, akaridhika, akaenda kupiga muhuri.

Atasema: na wanaotumia insulini je? Hilo ni swali halali, na limeshaulizwa na watu wenye dhamana kubwa kuliko ghala la unga na mchele. Tangu 2012 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imewaruhusu marubani wanaotumia insulini kurusha ndege za abiria. Marekani ilifungua mlango wa namna hiyo mwaka 2019. Uingereza haikufumba macho, iliweka masharti. Rubani anapima sukari kabla ya kuruka, anapima kila saa akiwa angani, anapima tena ndani ya nusu saa kabla ya kutua, na hayuko peke yake kwenye chumba cha marubani. Namba ikishuka chini ya 4, anamwachia mwenzake ndege na kula kitu chenye sukari. Hesabuni wenyewe masharti hayo yanahitaji nini: mashine ndogo ya kupimia, kitu kitamu mfukoni, na ruhusa ya kukabidhi kazi kwa mwenzako. Vitu vitatu. Waraka wetu umekataza viwili vya kwanza na haukukumbuka cha tatu. Halafu unashangaa kuwa mgonjwa ni hatari.

Kuhusu zamu ya usiku, waraka umeitaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nami nimeifuata huko huko. Ni kweli sheria inazungumzia mfanyakazi asiyefaa kufanya kazi usiku, na inataka ahamishwe. Ila inamzungumzia yule aliyethibitishwa kitabibu kuwa hafai. Neno “kitabibu” limedondoka njiani kati ya kitabu cha sheria na ubao wetu wa matangazo. Sheria hiyo hiyo inataka saa za usiku zilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara. Kumtoa mtu usiku bila daktari kusema lolote ni kumkata kipato kwa tetesi.

Sasa njooni kwenye hoja ya nne, na hapa nitakaa kidogo. Inakataza kula au kunywa chochote isipokuwa maji nje ya saa ya chakula, eneo lote la kazi, sababu iwe yoyote. Tuwe waungwana: ghala la nafaka lina panya na mende, na makombo ya andazi ni mwaliko kwao. Marufuku ya kula ovyo nayaunga mkono. Tatizo liko kwenye yale maneno ya sababu iwe yoyote.

Jumanne moja, mwezi wa tatu, lori lilichelewa kutoka bandarini na saa ya chakula ikasogezwa kutoka saa sita hadi saa nane ili mzigo ushushwe kwanza. Dereva wetu wa foklifti, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, hutumia insulini ya mchanganyiko. Huchoma alfajiri kabla ya kifungua kinywa, na sehemu ya dawa hiyo hufanya kazi kwa nguvu zaidi kuelekea mchana. Ndiyo maana chakula cha mchana kwake hakisogezwi kama mkutano. Saa saba na robo niliona shati lake limelowa mgongoni kuliko mashati ya wapagazi, naye alikuwa amekaa. Akashusha uma za foklifti hadi sakafuni. Akazima. Akachomoa ufunguo, akaniwekea mezani juu ya hati za kupokelea mzigo, akakaa kwenye gunia na kutoa pakiti ya glukosi ya unga mfuko wa shati. Mikono ilimtetemeka hata nusu ya unga ikamwagika kwenye suruali.

Msimamizi wa zamu, kijana, alifika mbio. “Mzee wangu, hapa hatuli. Sheria unaijua.”

“Naijua, mwanangu. Nipe robo saa.”

Robo saa ilipopita alipima, akatikisa kichwa kuridhika, akaomba ufunguo wake. Kesho yake alipewa barua ya onyo. Kosa lililoandikwa: kula eneo la kazi.

Naomba muitazame barua hiyo kama ushahidi, maana ni ushahidi wangu bora na umeandikwa na upande wa pili. Yule mzee ndiye mgonjwa ambaye waraka unamwelezea kwa hofu: insulini, mashine nzito, sukari imeshuka. Hakuna aliyeumia. Hakuna gunia lililodondoka. Mashine ilisimamishwa na mgonjwa mwenyewe, kwa utaratibu ambao kitabu cha usalama kingeusifu, na tiba aliyotumia ndiyo inayofundishwa kliniki: gramu 15 hivi za sukari inayoingia haraka, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha kusubiri dakika 15 na kupima tena. Kampuni ilipata dereva anayejua kujizuia, ikamwadhibu kwa kujizuia. Safari ijayo atafanya nini? Mtu aliyeonywa kwa maandishi atavumilia kidogo, aone kama mzigo utaisha. Uvumilivu huo ndio utakaomwangusha.

Na kuna hesabu nyingine ambayo mwandishi hakuifanya. Zamu ya asubuhi huanza saa moja. Kutoka saa moja hadi saa saba na robo ni saa sita na robo. Sheria ile ile ya 2004 inasema mfanyakazi akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano kwa siku apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Siku ile alikuwepo aliyevunja sheria ghalani, na hakuwa yule aliyekalia gunia.

Hoja ya tatu ni fupi na inajipinga yenyewe bila msaada wangu. Sentensi ya kwanza inasema kisukari ni jambo binafsi, na kuhakikisha sukari haipandi wala kushuka ni jukumu la mfanyakazi mwenyewe. Sentensi ya pili inamtaka kila Jumatatu apeleke namba zake za sukari kwa msimamizi. Sentensi ya tatu inakataza kupima au kuchoma sindano mahali pa kazi, kwa sababu za usafi. Namba zinatakiwa, mashine ya kuzipata imezuiwa eneo la kazi. Kama ni jambo langu binafsi, namba za damu yangu zinafanya nini kwenye faili la msimamizi ambaye hajui 6 ni nzuri au mbaya? Na kama ni jambo la kampuni, mbona jukumu ni langu peke yangu?

Hiyo sababu ya usafi nitaijibu, kwa kuwa ina chembe ya haki. Sindano iliyotumika haitupwi kwenye pipa la kawaida. Mfagiaji anaweza kuchomwa. Dawa yake ni chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa ipelekwe kituo cha afya. Kupima kwenyewe ni tone la damu lisilozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, na jibu linatoka ndani ya sekunde chache. Waraka unamwelekeza anayelazimika akajifungie msalani. Nawasihi mwandishi apelekwe kwanza kwenye misala yetu, kisha aulizwe tena kuhusu usafi.

Hoja ya kwanza nimeiruka makusudi, kwa sababu haieleweki mpaka uisome pamoja na ya saba. Ya kwanza inasema kisukari cha ukubwani huletwa na kupenda vitu vitamu. Ni chaguo la mtu, na kampuni haiwezi kugharamia chaguo la mtu. Ya saba inasema kuanzia sasa waombaji kazi wataulizwa kama wazazi au babu zao waliwahi kuugua kisukari. Chagueni moja. Ama niliuchagua ugonjwa huu kwa kijiko changu mwenyewe, na babu yangu muacheni apumzike. Ama ulikuwa kwenye damu kabla sijazaliwa, na kijiko changu hakina kesi. Ukweli ni kwamba kwa aina ya pili urithi na maisha vyote vinachangia, pamoja na umri na unene wa tumboni. Na aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, haina uhusiano wowote na uroho. Mwandishi hawezi kuukubali ukweli huo mzima, kwa sababu kila hoja yake inahitaji kipande kimoja tu, na si kipande kile kile.

Kama anataka kuzungumza juu ya chanzo, tuzungumze. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania: watu wazima waliokutwa na kisukari hawakufika asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta na kisukari takriban asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Najua mtaniambia vipimo vilitofautiana, na kwamba ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tu. Sawa, punguzeni mnachotaka kupunguza. Hata hivyo tofauti iliyobaki haielezwi na babu, maana damu ya taifa haibadiliki ndani ya miaka 23, na haielezwi na watu kuwa walafi ghafla. Kilichobadilika ni namna tunavyokula, tunavyosafiri na tunavyokaa kutwa nzima. Sasa tembeleeni kantini yetu. Chai ya saa nne inakuja kwenye birika kubwa ikiwa imeshatiwa sukari jikoni. Ukiomba kavu unaambiwa ukaipike kwako. Shukrani ya kufanya kazi Jumapili ni soda na maandazi mawili. Anayenilaumu kwa kijiko ndiye anayekoroga birika.

Hoja ya tano inahesabu siku za kliniki kuwa utoro. Tuiseme kwa haki: kila asiyekuwepo ana mwenzake anayebeba mzigo wake, na msimamizi anayepanga zamu ana haki ya kujua mapema. Nakubali. Tarehe ya kliniki imeandikwa kwenye kadi mwezi mzima kabla. Hakuna taarifa ya mapema kuliko hiyo. Lakini utoro ni kutoonekana bila ruhusa wala sababu, na mtu aliyeleta kadi yenye tarehe hajatoroka. Sheria inampa mfanyakazi hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Waraka unaoitaja sheria hiyo pale inapoonekana kuusaidia umeisahau hapa kabisa.

Miezi ya mwanzo, tena, ndiyo yenye safari nyingi, na ina sababu. Dozi ya metformin huanza ndogo, ikinywewa pamoja na chakula, kisha hupandishwa polepole kwa kuwa tumbo linaasi. Mimi lilinikuta wiki ya kwanza ndani ya daladala, na sitaeleza zaidi. Macho nayo: sukari ikiwa juu kwa muda mrefu huharibu umbo la lenzi, na ikianza kushuka, macho hubadilika tena. Wiki ya pili niliona ukungu kwenye hati za mzigo, nikaandika magunia 180 badala ya 130, nikaitwa ofisini. Nilikimbilia miwani. Wiki ya saba ukungu ukaisha wenyewe na miwani ikawa ndiyo inayonitia ukungu. Ipo kwenye droo, anayeitaka nitampa. Laiti ningekwenda kliniki siku ile badala ya kuogopa kuitwa mtoro, ningeambiwa nisubiri.

Na faida ya safari hizo si porojo ya kliniki. Uingereza ilianza mwaka 1977 kufuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 wa aina ya pili, wote wakiwa wamegundulika karibuni, yaani watu kama mimi. Matokeo yalichapishwa 1998: waliodhibiti sukari kwa ukaribu zaidi walipungukiwa kwa asilimia 25 na madhara ya mishipa midogo, ile ya macho, figo na fahamu. Anayeogopa kupoteza nusu siku ya karani leo ajiandae kupoteza karani mzima baadaye. Hii ni hesabu ya ghala, si ya huruma.

Hoja ya sita inasema insulini ni hatua ya mwisho ya ugonjwa, kwa hiyo anayeanza kuitumia aitwe kujadili kustaafu kwa sababu za kiafya. Mtaani tunasikia hivyo hivyo: ukiona sindano, jua safari imefika. Hapa mwandishi amechanganya ukali wa ugonjwa na aina ya ugonjwa. Mwenye aina ya kwanza huanza insulini siku ya kwanza, kwa kuwa mwili wake hautengenezi ya kutosha. Hakuna “mwisho” alioufikia. Kwa aina ya pili, insulini inaweza kutumika kwa muda tu, sukari ikiwa juu sana mwanzoni au mtu akifanyiwa upasuaji. Theresa May aligundulika mwaka 2012 akiwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza. Kwanza walidhani ni aina ya pili, ikaja kuonekana ni ya kwanza, akawa anachoma insulini mara kadhaa kwa siku. Mwaka 2016 akawa waziri mkuu, akakaa miaka mitatu. Siasa zake kila mtu ana maoni yake, nami ninayo. Lakini aliyetolewa na wabunge wa chama chake hakutolewa na sindano. Kwa kipimo cha hoja ya sita, angeitwa ofisini kujadili mafao yake miaka kadhaa kabla hajawa waziri mkuu.

Sitajifanya kuwa sheria inasema kuliko inavyosema. Misingi ya ubaguzi iliyokatazwa kazini imetajwa kwa majina, ukiwemo ulemavu na VVU, na kisukari hakimo kwa jina. Lakini kumwachisha mtu kazi ni jambo jingine: hapo mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa sababu ni halali na utaratibu ulikuwa wa haki. “Anachoma sindano” ni maelezo, haijawa sababu. Aliyeachishwa ana siku 30 za kufikisha shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na nawashauri mzihesabu kuanzia ile ya kwanza.

Nimeusulubu waraka, sasa niwageukie wa kwetu kantini, maana nao wana hoja mbovu na ni marafiki zangu. Ya kwanza niliambiwa kwa kunong’onezwa: “Kaka, nyamaza. Ukisema watakuweka kwenye orodha.” Naielewa hofu hiyo, waraka wenyewe umeithibitisha, na hili ndilo kosa lake la kijinga kuliko yote, kwamba unawataka watu wajitaje huku ukiwaonyesha adhabu ya kujitaja. Ila kimya hakimlindi mtu. Aliyeshukwa na sukari anayumba na kujibu hovyo. Asiyejua atadhani amelewa, atamwacha alale. Watu wawili tu wakijua glukosi iko wapi, na wakijua kuwa aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu bali hukimbizwa hospitali, inatosha. Hao wawili unawachagua wewe.

Ya pili: vidonge vinaharibu figo. Kinachoharibu figo ni sukari iliyokaa juu miaka mingi. Figo zikishachoka, daktari hupunguza metformin au kuisimamisha, na jirani anayetazama anaona vidonge kwanza, figo baadaye. Ni kama mtu aone mwavuli, aseme umeleta mvua.

Ya tatu ni ya asali na mizizi, kwamba ni vya asili. Asali takriban asilimia 80 yake ni sukari. Nyuki hakuwa na habari za kongosho lako. Na kama asili ndiyo sifa, metformin yenyewe ilitokana na utafiti juu ya mmea, Galega officinalis, mpaka daktari Mfaransa Jean Sterne alipoitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Tofauti ni kwamba kidonge kimeandikwa ni miligramu ngapi. Chupa ya yule muuzaji wa getini haijaandikwa chochote isipokuwa namba yake ya simu.

Tunachokitaka ghalani ni hiki: birika la pili lisilotiwa sukari, sanduku la glukosi kwenye meza ya msimamizi, saa ya chakula isiyosogezwa kwa anayetumia insulini, ruhusa ya kupima bila kwenda msalani, na kadi ya kliniki itambuliwe kama kadi ya kliniki. Nimepiga hesabu ya sanduku na sukari inayookolewa kwenye birika. Kampuni inabaki na chenji.

Waraka bado upo ubaoni. Aliyeuandika akitaka kunijibu, aanze na swali moja: siku ile ya mwezi wa tatu, yule mzee alipaswa kufanya nini tofauti? Akikosa jibu, barua ya onyo iliyomo kwenye faili lake ifutwe, na ifutwe kwa maandishi.